Wanazuoni wa Shamu na Tangazo la Tatu

Ukitaka kumchosha Mmatengo, mwambie unasomea historia ya Waarabu. Mimi nimejaribu, najua. Kwanza atakuuliza kama Mbinga kuna Waarabu, na utasema hakuna. Atakuuliza kama wananunua kahawa. Utasema labda wananunua, ila si hiyo sababu. Hapo atakutazama kwa huruma, kisha atakuuliza habari za mahindi.

Nafundisha historia sekondari, Mbinga mjini, na kipindi hicho nilikuwa nahangaika na shahada ya uzamili ambayo wenzangu walishaimaliza na kusahau. Mada yangu ilikuwa hii: namna wanazuoni wa Shamu, yaani pande za Damasko, na wa Misri walivyokuwa wakitembeleana na kusomeshana wakati nchi zote mbili zikiwa chini ya Sultani wa Waturuki kule Istanbul. Kijana anatoka Damasko, anafuatana na msafara hadi Kairo, anamtafuta mwalimu ambaye sifa zake zimemfikia, anakaa kitako mbele yake na kumsomea kitabu kizima tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu akisikiliza na kusahihisha. Akiridhika anampa ijaza, yaani ruhusa ya kwenda kukifundisha kitabu kile kwa jina lake. Na mwalimu wa Kairo naye akisikia Damasko kuna bingwa wa jambo fulani, anafunga safari, mzee mzima na ndevu zake, anakwenda kukaa mbele ya mtu wa rika la mwanawe. Sultani alileta makadhi na watoza ushuru, lakini safari hizi hakuna aliyeziamuru. Watu walijiendea wenyewe kwa sababu walitaka kujua. Hilo ndilo lililoniteka, na mimi nikitekwa na kitu husemi nami kingine.

Kiarabu changu cha chuo kilikuwa cha kuombea maji. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipanda basi la asubuhi kuteremka Mbamba Bay, kando ya ziwa, kwa mzee mmoja wa Kinyasa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyekuwa akifundisha madrasa. Wote tulimwita Maalim. Alikuwa mfupi, mcheshi, na mkali kwa matamshi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Nilikuwa nasoma, yeye anasikiliza macho kayafumba, nikikosea anagonga mkeka kwa kidole. Historia yenyewe haikumsumbua sana, ila alipogundua kwamba wengi wa watu wangu wale walikuwa wa madhehebu ya Shafii kama yeye, alianza kuwaulizia kama jamaa zake. Yule wa juzi alifika Kairo salama? Alifika, Maalim. Haya, soma.

Na nilikuwa na mchumba. Alikuwa muuguzi wa zahanati kule Litumbandyosi, binti wa katekista wa kigango chetu cha Mkumbi, mtu wa maneno machache na macho ya kukagua. Kila jioni nilimpigia simu na kumsimulia nilichosoma. Nilimsimulia yule aliyekwenda Kairo kusoma kitabu kimoja, akaoa huko, akazeeka huko, akazikwa huko. Nilimsimulia na mwingine aliyeaga nyumbani kwamba anarudi msimu ujao, akawa mwalimu mkubwa wa ugenini hata wanafunzi wake wakasahau kwamba ni mgeni. Yeye alikuwa akisema "ehe", nami nikidhani ni ehe ya mtu anayefurahia. Mwaka ule nilikuwa nimepata nafasi, kwa ufadhili wa wazungu, ya kwenda Kairo mwenyewe, nikasome maandiko yao pale pale walipoyaandikia. Ningeondoka baada ya harusi. Nilitembea kama mtu aliyepakwa mafuta.

Ndoa kwetu hutangazwa kanisani Jumapili tatu, na ikiwa kuna mwenye kujua kizuizi aseme. Padri hufika kigangoni mara chache, kwa hiyo anayeongoza ibada na kusoma matangazo ni katekista, yaani baba mkwe wangu mtarajiwa. Tangazo la kwanza alilisoma kwa sauti kavu. La pili akalisoma na akakohoa. Kati ya la pili na la tatu ndipo ilipokuja habari ya nguruwe.

Naomba nieleweke. Nilikuwa na vidonda vya tumbo. Mchumba wangu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kupimwa, na daktari akanikataza kahawa, pilipili na nyama ya mafuta. Kumkataza mtu wa Mbinga kahawa na nguruwe ni sawa na kumhamisha wilaya, lakini nilitii. Basi kukawa na sherehe ya Komunyo ya Kwanza kwa mtoto wa binamu yangu. Shangazi akanijia na sahani ya nyama inayong'aa, kaniwekea na ile ya ngozi niipendayo. Nikamwambia, "Ahsante shangazi, nyama hii mimi nimeacha." Basi. Sikuongeza neno, maana nani anataka kusimulia tumbo lake mezani?

Shangazi akarudi na sahani yake jikoni, na maneno yakatoka jikoni kabla sahani haijapoa. Mwalimu kaacha nguruwe. Hebu fikiri: kila Jumamosi yuko Mbamba Bay kwa Maalim. Anasoma vitabu kwa kuanzia nyuma. Alipokuja likizo kumsaidia baba yake kufyeka, alionekana ngoloni, kwenye yale mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, akinong'ona maneno yasiyo ya Kimatengo wala Kiswahili. Hilo la mwisho ni kweli, nilikuwa nakariri vitenzi. Mama yangu alinipigia simu akilia kidogo, akaniuliza jina langu jipya ni nani.

Jumapili ya tatu nilikwenda na suti. Katekista akatangaza usafi wa kanisa, akatangaza kikao cha wazee, akatangaza ndoa ya watu wengine kabisa, kisha akafunga daftari lake na kuanzisha wimbo. Nilikaa pale nimeishiwa pozi, watu wananitazama kwa pembe za macho. Mchumba wangu alikuwa zamu Litumbandyosi siku hiyo. Ibada ilipokwisha nilimfuata baba yake uani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Tangazo lenu linasubiri."

"Linasubiri nini, baba?"

"Nasikia mambo. Jumapili ijayo njoo nyumbani, ukae sengu na wazee, utueleze." Alinipa mkono vizuri tu, akaondoka na Biblia yake kwapani.

Nilirudi mjini nimefura. Nilimpigia mchumba wangu kabla hata sijavua viatu. Nikamwambia, mwambie baba yako ni vidonda vya tumbo, wewe si ndiye uliyenipeleka, cheti cha dawa si unacho wewe? Akasema, "Nitamwambia." Jumatatu nikamuuliza, akasema atamwambia. Jumatano vilevile. Nilianza kuona ajabu, lakini hasira zangu zilikuwa zimeelekea kwa shangazi na sikuwa na za kugawa.

Jumamosi nilimweleza Maalim kila kitu. Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akamletea maji.

"Yaani mimi muda wote huu nimekukaribisha kwa upole sijaweza," akasema, "na sahani moja ya nguruwe imeweza?"

"Maalim, harusi yangu inavunjika."

Akaacha kucheka papo hapo. Akafuta macho, akasema atapanda nami Mkumbi mwenyewe. Nilimkatalia, nikasema huko ni mbali na kuna baridi. Akanijibu kwamba wale watu wa kwenye vitabu vyangu walivuka jangwa la Sinai kwa ajili ya ukurasa mmoja, sembuse yeye kupanda mlima kwa ajili ya mwanafunzi. Nililala Mbamba Bay, na kesho yake alfajiri alinisubiri kituoni amevaa kanzu, sweta la shule juu yake, na ndoo ya samaki aina ya mbasa mkononi.

Sasa niseme sengu ni nini kwa asiyeijua. Ni kikao cha ukoo. Kila nyumba inaleta chakula chake, wakubwa wanakaa pamoja, na kila mmoja anakula katika kila sahani. Huchagui. Ukiruka sahani umeitukana nyumba iliyopika. Wakati wa kula ndipo mambo ya ukoo yanaposemwa na kuamuliwa. Nilifahamu basi nilichowekewa: shangazi wa mchumba wangu alikuwa ameandaa nguruwe, sufuria zima, na wazee wangenitazama mkono.

Lakini hakuna aliyetarajia mgeni mwenye kanzu. Katekista alitoka mlangoni, akamwona Maalim na ndoo yake, akasimama. Wakasalimiana kwa heshima, ndoo ikapokelewa. Kisha nikaona uso wa baba mkwe ukibadilika, maana alikuwa amekumbuka kilichomo jikoni. Mgeni wa watu katoka ziwani, atalishwa nini? Sufuria la nguruwe likatolewa kwa mlango wa nyuma kwenda kwa jirani, mbio mbio, shangazi akilalamika kwa Kimatengo. Masufuria yakasuguliwa kwa majivu. Jogoo akakamatwa. Wanaume wa pale wakatazamana, kwa sababu alitakiwa achinjwe na Maalim ili wote waweze kula, na hapakuwa na aliyewahi kulisimamia jambo hilo. Mwisho katekista mwenyewe akakunja mikono ya shati, akashika miguu na mabawa, Maalim akashika kisu na kusema Bismillahi. Nilisimama pembeni nikiwatazama wale wazee wawili wameinama juu ya jogoo mmoja, na hasira zangu zote zikaisha.

Tulipokaa kula, kesi yangu haikuguswa kwa muda mrefu. Walikuwa na mambo yao.

"Wewe wafundisha vipi?" katekista alimuuliza Maalim.

"Mtoto anasoma, mimi nasikiliza. Akiweza, anaendelea mbele. Asipoweza, kesho tena palepale."

"Ndivyo na mimi. Swali, jibu. Swali, jibu. Nao wanatoroka?"

"Msimu wa usipa, hawa dagaa wetu, wote wako ziwani, nabaki na mkeka."

"Kwangu ni kuchuma kahawa," katekista akasema, na akamsogezea paja la jogoo. Wakaingia katika habari za watoto wanaokariri kama kasuku bila kuelewa, na dawa yake ni nini, na kama fimbo inasaidia. Maalim alisema haisaidii. Katekista alisema inasaidia kidogo. Wakabishana kwa furaha kama watu waliosoma darasa moja, nami nikala wali wangu na samaki wa kuchemsha, jogoo na mbasa wa kukaanga nikionja tu kwa adabu.

Mwisho baba mdogo wa mchumba wangu, mtu asiye na subira, akauliza moja kwa moja. "Maalim, kijana huyu amesilimu?"

Maalim akanawa mikono kwanza. "Ningependa sana kuwaambia ndiyo," akasema. "Nimemkaribisha kwa mapenzi zaidi ya mara moja. Ananijibu ahsante Maalim, tuendelee na ukurasa. Huyu ni Mkatoliki mbishi. Na nguruwe hali kwa sababu tumbo lake limeharibika, hata chai ya kwangu anakunywa ya maziwa matupu."

"Sasa kama si dini, huko anatafuta nini?"

Wote wakanigeukia. Nilijaribu kueleza ijaza nikaona macho yanafifia, kama wanafunzi wangu saa nane mchana. Nikabadili. Nikawauliza, mababu zetu walipokuwa chini ya Mjerumani, boma likiwa Songea, mtu wa mlima huu akitaka kujua kwa nini mashimo ya ngolo ya mlima wa pili hayabomolewi na mvua, alifanyaje?

"Alikwenda kwa watu wa huko," katekista akasema. "Alikaa. Mwanamume alilaza nyasi pamoja nao, mkewe alifukia udongo pamoja na wanawake wa huko, mpaka wakaweza. Wakirudi, wenzao wanakuja kujifunza kwao."

"Waliomba ruhusa kwa Mjerumani?"

"Mjerumani alijua nini habari za ngolo?"

"Basi baba, ndicho ninachosomea. Watu wa Shamu na watu wa Misri, Mturuki akiwa juu yao."

Kisha baba mdogo akasema kama ni hivyo mbona sikusema tangu mwanzo, na wakacheka, na katekista naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa tayari nikipanga suti.

"Kwangu mimi hakuna tatizo," katekista akasema, sasa bila kutabasamu. "Lakini si mimi niliyelisimamisha tangazo. Nenda jikoni."

Nilinyanyuka nikaenda. Mchumba wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda peke yake, anakausha sahani, wanawake wengine wametoka nje. Hakunitazama.

"Ulijua ni tumbo," nikasema.

"Dawa si nilikuchukulia mimi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilimwomba baba asubirishe. Akaniuliza sababu, nikashindwa kuitamka. Halafu maneno ya nguruwe yakaja yenyewe, akayashikilia ili watu wasiniulize mimi." Akaweka sahani chini. "Ni hao watu wako. Kila jioni unanisimulia. Huyu alikwenda akabaki. Yule akaoa hukohuko. Unasimulia kama unasimulia harusi. Sijakusikia hata siku moja ukinitajia aliyeachwa Damasko."

Nilimwambia wako waliorudi. Akaniuliza, na waliokwenda na wake zao, ilikuwaje? Nilikuwa nimesoma vitabu vinavyoeleza mwanazuoni alisoma nini, kwa nani, alikuwa na ndevu za namna gani na alizikwa upande gani wa mji. Wake zao sikujua.

"Vitabu havisemi," nikasema.

"Wewe uliviuliza?"

Sikuwa nimeviuliza. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, maana nilielewa kwamba mwanamke huyu alikuwa ameshaanza kuniaga moyoni mwake na mimi niko kwenye simu nabwabwaja. Nikamwambia safari naiacha. Kesho nawaandikia Kairo siji, nabaki Mbinga, yamekwisha.

Hapo ndipo alipokasirika kweli, akasimama na kitambaa mkononi.

"Nani kakwambia uache? Nimesema uache mimi? Mimi nataka kwenda. Nataka kuiona Kairo na macho yangu, tangu siku ya kwanza uliponitajia. Umewauliza wazungu, umemuuliza mkuu wa shule, umemuuliza Maalim. Mimi hujaniuliza."

Kwa kweli sikuwa nimemuuliza. Halikunijia hata kichwani. Nilipoomba ile nafasi niliandika mtu mmoja, nikaona sawa.

"Basi nakuuliza," nikasema.

"Uliza vizuri."

Nikamuuliza vizuri, nikiwa nimesimama kati ya masufuria. Kama angekubali kwenda nami Kairo, kama angeomba likizo bila malipo, kama angevumilia chumba kidogo na mume anayenong'ona vitenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho kwangu, kama Maalim anavyosikiliza ukurasa. Kisha akarudi kwenye kigoda chake na kuchukua sahani.

"Mwambie baba asome," akasema.

Jumapili iliyofuata tangazo la tatu lilisomwa kwa sauti iliyofika hadi shambani. Maalim alikuja harusini na ndoo mbili.

Kairo tulikaa chumba kidogo kweli. Asubuhi nilikwenda kwenye maandiko, na mke wangu alishuka kwa wanawake wa jengo lile. Aliwapima presha, akawaelekeza dawa kwa mikono na kwa Kiarabu cha kuokoteza ambacho baada ya muda kilipita changu. Wao ndio waliomsimulia habari za bibi wa bibi zao, walioletwa kutoka Shamu wakiwa maharusi wa wanafunzi, na wengine walioachwa Shamu wakangoja mpaka wakafanya maamuzi yao wenyewe. Akinisimulia jioni, mimi ndiye niliyekuwa nikisema ehe. Nilirudi kwenye vitabu vilevile nikiwa na maswali yake, na nikaanza kuwaona: mke huyu aliuza nyumba akamfuata mumewe, huyu alidai talaka kwa kadhi wa Sultani akaipata, huyu alisikiliza vitabu nyuma ya pazia na mwisho watu wakawa wanakuja kumsomea yeye.

Sura ya nne ya tasnifu yangu ni ya hao. Msimamizi wangu aliisoma, akanipigia simu Mbinga, akasema hiyo ndiyo sura bora kuliko zote, na akaniuliza hoja hii nimeitoa kwa mwanazuoni gani, maana sijamtaja. Nikamwambia yuko zamu zahanati. Akitoka nitamuuliza kama anakubali kutajwa.